Nishani ya Mganga wa Karema



Jioni moja, sala ilipokwisha, alinijia mzee mmoja Mkristo, baba wa watoto saba, mtu asiyekosa kanisani. Kijiji chake kiko pwani ya ziwa, kusini ya Kigoma, mahali ambapo mgonjwa hulazwa katika mtumbwi, na ndugu zake hupiga makasia huku wakimwomba Mungu upepo usigeuke. Binti yake alikuwa amemaliza mafunzo ya uuguzi, naye akaitwa kufanya kazi katika zahanati ndogo ya misheni. Baba hakupendezwa. Alitaka binti aende mjini akatafute kazi yenye mshahara mkubwa. Akaniambia, "Mwalimu, nimeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya masomo ya mtoto huyu. Sasa mwaniambia aende kuwahudumia wagonjwa kwa ujira mdogo na sifa nyingi. Nami nakuuliza, baada ya miaka thelathini atapata nini? Nishani?"

Nilitaka kumjibu upesi, nikaona sina neno. Swali lake halikuwa la dharau. Lilikuwa swali la mtu aliyekaa akahesabu gharama kabla ya kujenga, na Bwana wetu hakumlaumu mtu wa namna hiyo. Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe siku chache." Nikaenda nyumbani nikalifikiri neno lile. Haya niandikayo ndiyo niliyoyaona. Kwanza tutazame nishani ni kitu gani. Kisha nitawaeleza habari za mganga mmoja wa pwani hii ya ziwa letu, ambaye alipewa nishani. Na mwisho tutarudi kwa yule mzee na binti yake.

NISHANI NI KITU GANI

Nishani ni kipande cha madini, cha shaba, au cha fedha, au cha dhahabu, kilichopigwa chapa ya sura na maandishi. Hufungwa kwa utepe, hutundikwa kifuani, na siku ya sikukuu watu huitazama wakanong'ona. Ukiiyeyusha, pengine haitoshi kununua mbuzi. Thamani yake imo katika neno inalolisema, yaani kwamba mtu huyu alifanya kazi, nasi tuliiona.

Zipo nishani za vita, na zipo nishani za amani. Baba Mtakatifu Leo XIII aliweka mwaka 1888 nishani moja iitwayo Pro Ecclesia et Pontifice, maana yake, kwa ajili ya Kanisa na Papa. Kanisa lina nishani nyingine iitwayo Benemerenti, maana yake, kwa mtu aliyestahili vema. Nacho chama cha Msalaba Mwekundu kiliagiza mwaka 1912 nishani kwa jina la Florence Nightingale, yule bibi Mwingereza aliyewauguza askari na kuwafundisha wauguzi. Nayo ilianza kutolewa mwaka 1920, wapewe wauguzi waliojitoa kwa ajili ya wagonjwa na majeruhi wakati wa vita na wakati wa maafa. Nishani za namna hii ni chache, wala hazipatikani kwa kuomba. Mwenye fedha aweza kuinunua nishani ya mtu mwingine akaiweka kabatini kwake. Lakini kazi iliyoileta hawezi kuinunua.

SITINI ZA FEDHA

Sisi watu wa Ujiji na Kigoma tunayo habari moja ya nishani ambayo watoto wetu hawafundishwi sana. Wote wamesikia habari za David Livingstone, na mahali pale Ujiji alipokutana na Stanley mwaka 1871. Livingstone alikuwa mganga aliyesomea uganga kwao Scotland. Lakini mwezi wa Januari mwaka 1867 wachukuzi waliotoroka walikwenda na sanduku lake la dawa. Mganga akabaki bila dawa. Mwaka 1869 alipofika Ujiji kwa mara ya kwanza, alifika mgonjwa sana, naye akaona mizigo yake mingi imeporwa, na dawa alizozitumaini hazikufika. Basi fikirini hali ya pwani hii siku zile: hata mganga mwenyewe, akiugua, hakuwa na pa kwenda. Wenyeji walikuwa na waganga wao na mizizi yao, na baadhi ya mizizi ile ilifaa sana; lakini nyumba iliyofunguliwa kwa kila mgonjwa, mgeni na mwenyeji, mtumwa na mwungwana, haikuwapo.

Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, na miongoni mwao Susi na Chuma na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu miezi mingi, hata wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari mwaka 1874. Hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha. Wangaliweza kumzika, wakagawana vitu vyake, wakaenda zao.

Ndipo chama cha wanajiografia cha London kikaagiza zipigwe nishani sitini za fedha, kwa watu wale waliokuwa naye hata mwisho. Upande mmoja ina sura ya Livingstone. Upande wa pili ina maneno ya kusema kwamba walikuwa waaminifu hata mwisho. Na ukingoni limechorwa jina la kila apewaye. Lakini nishani zilipofika Unguja, wengi wa watu wale walikuwa wamekwisha tawanyika. Wengine walipata nishani zao; wengine hawakuonekana. Nishani ilikuwapo, na jina lilikuwapo ukingoni, na mwenye jina hakuwapo.

Hapa mimi najifunza mambo mawili. La kwanza, shukrani ikichelewa humkosa mwenyewe. La pili, yule aliyeamuru majina yachorwe alifanya jambo jema. Maana wachukuzi wa siku zile waliandikwa mara nyingi kwa hesabu tu, mia, mia mbili, kama marobota ya nguo. Nishani ile ilisema, hapana, huyu ana jina.

MTOTO ALIYEUZWA

Sasa twende kusini kwa njia ya maji. Ukitoka Kigoma, ukiipita milima ya Mahale, wafika Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Afrika kilichoanzishwa na mfalme wao Leopold walijenga pale kituo. Na mwaka 1885 kituo kile kikapewa Mapadri Weupe, ambao walikuwa wamefika Ujiji mapema mwaka 1879. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie. Biashara ya watumwa ilikuwa bado ikiendelea ziwani, na Wakristo wengi wa kwanza wa misheni zile walikuwa watumwa waliokombolewa, watoto kwa wakubwa, wengi wao wasiojua tena njia ya kwao.

Katika mahali hapo akafika mwaka 1889 kijana mmoja mweusi, mwenye vyombo vya uganga na elimu ya uganga. Jina lake Adrian Atiman. Hakuwa mtu wa pwani hii. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika bonde la mto Niger, nchi iitwayo leo Mali. Akiwa bado mtoto alikamatwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa kubwa la Sahara hata kusini ya Algeria. Watu wangapi walikufa katika njia ile hakuna awezaye kuhesabu. Pale Mapadri Weupe wakamnunua ili wamwache huru, wakamlea, wakamsomesha, naye akabatizwa.

Tukae hapa kidogo. Mtoto huyu aliwekewa bei. Mtu alimshika mkono, akamtazama meno na miguu, akataja idadi ya fedha. Mwingine akasema ni nyingi, wakapatana. Kwa hiyo alijua tangu utoto jinsi ilivyo mtu kupimwa kwa vitu. Jambo hili tulikumbuke tutakapofika kwenye nishani yake.

CHUO CHA MALTA

Kardinali Lavigerie aliona kwamba mapadri wa Ulaya walikufa upesi kwa homa katika nchi za ndani, akaona tena kwamba Afrika itaongoka kwa Waafrika wenyewe. Akawaza hivi: kijana Mwafrika akijua uganga, atapokewa katika kila kijiji, atakula chakula cha wenyeji, ataoa kwao, ataishi kama wao, naye atafundisha dini kwa kinywa na kwa mikono yake. Mwaka 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliokombolewa wasome uganga katika chuo kikuu cha kisiwa kile. Atiman akawa mmoja wao.

Kwa nini Malta? Kisiwa kile kilikuwa na sifa ya kuuguza wagonjwa tangu zamani. Watawa askari wa Mtakatifu Yohane, ambao kazi yao ilianza Yerusalemu katika nyumba ya kuwapokea wasafiri wagonjwa, na ambao walikubaliwa na Papa mwaka 1113, walihamia Malta mwaka 1530. Mwaka 1574 walianza kujenga huko Valletta hospitali kubwa yenye chumba kimoja cha wagonjwa kirefu cha mita 155. Kanuni yao iliwaamuru wamhesabu mgonjwa kuwa ni bwana wao, nao watumishi wake. Wakawapa wagonjwa chakula katika vyombo vya fedha, na maskini akala katika sahani ya fedha sawa na tajiri. Mwaka 1676 mkuu wao Nicolas Cotoner akaanzisha pale mafundisho ya kuujua mwili wa mtu na kupasua.

Mwaka 1798 Napoleon wa Ufaransa akakiteka kisiwa. Vyombo vya fedha vya hospitali vikachukuliwa vikayeyushwa. Lakini mafundisho ya uganga yakaendelea, mwalimu akamfundisha mwanafunzi, na mwanafunzi akawa mwalimu, hata karne iliyofuata yakamfikia mtoto mmoja wa Timbuktu. Naona hapa funzo kwa kila hospitali ya misheni: vyombo vya fedha huibiwa, elimu iliyogawiwa watu haiibiwi.

Atiman akamaliza masomo yake mwaka 1888. Ulikuwa mwaka wa mambo makubwa. Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua juu ya ubaya wa utumwa; naye akamtuma Kardinali Lavigerie kuhubiri habari hiyo katika miji ya Ulaya, akahubiri Paris na London na penginepo. Na ni mwaka ule ule aliouweka ile nishani niliyoitaja mwanzo. Watu wengi walimsikia Kardinali akisema kwamba biashara ile ikomeshwe. Lakini mmoja wa watoto aliowakomboa hakukaa Ulaya kusikiliza. Alifunga mizigo yake akaenda ziwani, mahali ambapo watumwa walikuwa bado wakivushwa.

SIKU ISHIRINI NA NNE ELFU

Atiman akakaa Karema, wala hakuondoka. Akaoa mke katika nchi ile, jina lake Agnes, wa watu wa Ubende. Na mwana wao Yosefu akapata upadri. Alikuwa mganga na katekista pamoja. Mkono uliofunga kidonda ndio uliofundisha ishara ya msalaba. Alikuwa na elimu ya Malta, lakini hakuzidharau dawa za wenyeji. Alijifunza majani na mizizi ya nchi, akatenga iliyofaa na isiyofaa. Hili nalo ni funzo kwa sisi tuliosoma, maana wako wanaodhani kwamba kusoma ni kuyatupa yote ya wazee.

Fikirini magonjwa ya pwani hii katika maisha yake. Homa haikukoma. Ndui ilipita. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliletwa na mbung'o katika pwani za maziwa yetu, vijiji vikahamishwa. Dawa za leo hazikuwapo. Penisilini ilianza kuenea duniani wakati wa vita ya pili, alipokuwa amekwisha kuwa mzee. Miaka yote ya kabla ya hapo mganga alikuwa na maji safi, kitambaa safi, dawa chache, mkono uliozoea, na saburi.

Alifika wakati Wajerumani walipoanza kuitawala nchi. Akaiona vita ya mwaka 1914 hadi 1918. Akawaona Waingereza wakitawala. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Akafariki Karema mwaka 1956, mwenye umri wa miaka karibu tisini, miaka mitano kabla ya uhuru. Hesabuni: tangu 1889 hata 1956 ni miaka 67. Hizo ni siku zaidi ya 24,000. Mtoto aliyezaliwa Karema mwaka ule alipofika, kama aliishi, alikuwa na wajukuu mganga alipokufa.

Katika maisha yake alipewa nishani, za Kanisa na za serikali. Huko Dar es Salaam jumba la kale la Mapadri Weupe likaitwa Atiman House kwa heshima yake. Watu wakubwa walimjua, nao waliandika habari zake.

Sasa likumbukeni lile neno la bei. Mtu huyu alipimwa mara mbili kwa vipande vya madini. Mara ya kwanza alipokuwa mtoto, mfanya biashara alipotaja fedha za kumnunua. Mara ya pili alipokuwa mganga, wakubwa walipomtundikia nishani kifuani. Mara ya kwanza walimdhulumu, mara ya pili walimheshimu, na tofauti hiyo ni kubwa kama mbingu na nchi. Lakini katika mara zote mbili madini hayakumtosha. Bei ya sokoni haikuweza kusema yeye ni nani. Na nishani nayo haikuweza kusema siku zile 24,000, kila moja na mgonjwa wake. Nishani ilisema kweli, lakini ilisema kidogo.

Wala si hilo tu. Nishani ilikuwa ya mtu mmoja. Nani alichota maji ya kuoshea vidonda Karema miaka ile 67? Nani alipiga kasia kumleta mgonjwa? Nani alipika uji wa wagonjwa? Agnes mkewe aliamshwa mara ngapi usiku mtu alipogonga mlango? Hao hawakutundikiwa kitu. Nishani moja ikitoka, nyuma yake wako watu wengi wasioonekana. Na mwenye nishani akiwa mtu mwema, ndiye wa kwanza kulijua jambo hilo.

DAFTARI LILILOLIWA NA MCHWA

Hapa sina budi kuungama kosa ambalo nami nina sehemu yangu. Katika kijiji kimoja nilichofundisha zamani alikuwako mama mmoja mkunga, msaidizi katika chumba cha dawa cha misheni. Alizalisha watoto wa kijiji kizima. Alipokufa tulikusanyika wengi, na watu wakaniomba niseme maneno machache. Nikauliza, mama huyu alianza kazi mwaka gani? Hakuna aliyejua. Nikauliza, amezalisha watoto wangapi? Mmoja akasema wengi. Mwingine akasema wengi sana. Tukaenda kulitafuta daftari la kazi, tukalikuta kabatini limeliwa na mchwa, limebaki jalada.

Nikasema kaburini kwamba alikuwa mwaminifu. Ilikuwa kweli, lakini niliona haya. Katika mkutano ule walikuwako vijana warefu waliopokewa na mikono yake, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwambia, mama, tumekuandika. Tulimpa ahsante ya siku zote, ile isemwayo mtu akiwa mlangoni anatoka. Wale wenye ukoma kumi waliponywa wote, akarudi mmoja tu kushukuru. Nasi siku ile tulikuwa katika wale tisa.

Basi nikiulizwa kwa nini nishani ni kitu chema, najibu: kwa sababu ni daftari lisiloliwa na mchwa. Jina na mwaka huchorwa katika madini, na mtu wa miaka mia ijayo aweza kusoma. Lakini je, twahitaji fedha na shaba ili tuandike jina? La. Karatasi yatosha, ikitunzwa.

NENO KWA WAZAZI, WAZEE WA KANISA NA WALIMU

Kwanza, wazee wa kanisa. Tusimpe mtu nishani mahali pa mshahara. Sifa haiivishi maharage. Yule mzee alipolalamika juu ya ujira mdogo na sifa nyingi, alisema haki yake. Kamati ya zahanati ikichelewesha ujira wa muuguzi miezi miwili, kisha siku ya sikukuu ikamwimbia wimbo, imetenda vibaya mara mbili. Bwana wetu hakufundisha kwamba mtenda kazi afe njaa. Kilicho haki yake alipwe kwanza, na kwa wakati wake. Kisha ndipo tumwimbie.

Pili, wenye nyumba. Shukuruni watu wakiwa hai. Kumbukeni zile nishani sitini na wale waliokuwa wametawanyika. Mtoto wako akipona, mrudishe kwa muuguzi umwoneshe, hata kama huna kuku wa kumpelekea. Muuguzi huwaona watu wakija wakilia. Ni vema awaone pia wakija wakicheka.

Tatu, walimu. Chukueni daftari moja, liwe na jalada gumu, wekeni ndani ya sanduku la bati mbali na mchwa. Watumeni watoto wa darasa la juu kwa wazee, wakaandike majina ya waliotumikia wagonjwa katika kijiji chenu: mkunga, mfagiaji, mpishi, mwenye mtumbwi, dereva, mganga. Waandike jina, mwaka alioanza, mwaka alioacha, na jambo moja analokumbukwa nalo. Watoto watajifunza kuandika, na watajifunza kwamba kijiji chao kina historia.

Nne, wazazi wenye watoto waliojaliwa elimu ya uuguzi na uganga. Siwaambii muwatoe watoto kama sadaka ya kuteketezwa. Ulizeni juu ya ujira, ulizeni juu ya nyumba ya kulala, ulizeni juu ya usalama wa binti; hayo ni mapasa ya mzazi. Lakini mkiisha kuuliza, ulizeni na jambo la mwisho: mgonjwa wa pwani ile atatibiwa na nani, mtoto wangu asipokwenda?

JIBU LA MZEE

Siku zile nilizoomba zikaisha, nikaenda kwa yule mzee. Nilimkuta anashona wavu. Nikakaa nikamwambia habari hizi zote, za nishani sitini, na za mtoto wa Timbuktu, na za mkunga wetu. Alisikiliza bila kuacha kushona. Nilipokwisha, akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, nishani si jibu."

Nikasema, "Si jibu, mzee wangu."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza habari moja tu katika zote. Akasema, "Yule Atiman, baada ya kukombolewa na kusoma, je, angaliweza kukaa huko Ulaya?" Nikamwambia, kwa elimu ile angaliweza kutafuta maisha mahali pengi. Akasema, "Naye akaja huku kwetu, ziwani." Nikasema, "Akaja, akazikwa huku."

Hakusema neno jingine juu ya jambo lile, nami sikumwongezea hotuba. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama katika baraza la wazee, akataka mambo mawili yaandikwe: siku ya mwezi ambayo ujira wa muuguzi utatolewa, na nani atakayejibu usipotolewa. Watu wengine walinung'unika. Mimi niliona amesema vema kuliko sisi sote. Yakaandikwa. Baada ya majuma mawili alimpeleka binti yake mwenyewe kwa mashua, pamoja na godoro, sufuria mbili na taa.

Mwalimu wa kijiji kile amekwisha kununua daftari lenye jalada gumu. Katika ukurasa wa kwanza ameandika majina ya waliotangulia, kwa kadiri wazee walivyokumbuka; na jina la mwisho katika ukurasa ule ni la binti yule, na tarehe aliyoanza kazi. Mahali pa kuandika tarehe ya kumaliza pameachwa wazi.

Nawaombeni, kila nyumba itakayosoma ukurasa huu, iwataje usiku huu katika sala watu wanaokesha na wagonjwa katika pwani yetu, kila mmoja kwa jina lake kama mwalijua. Mungu Mwenyezi awalinde, naye awe mlipaji wao, maana kwake hakuna jina lipotealo.